Kamera ya Sinema ya Mkono wa Pili: Sikiliza Kabla ya Kulipa

Kitu kilichokwisha kutumika hununuliwa kwa akili mbili: akili ya kukitamani na akili ya kukishuku. Mama anayenunua cherehani ya mkono wa pili haridhiki na rangi yake. Hukaa, hutia uzi, hukanyaga, husikiliza, kisha ndipo huuliza bei. Baba anayenunua baiskeli huinua gurudumu na kulizungusha. Lakini ikija kamera ndogo ya sinema, wengi wetu huiacha ile akili ya pili nyumbani. Hushika chombo kizito kinachong'aa, husoma jina la Uswisi, Ujerumani au Japani lililochorwa ubavuni, nao hutoa fedha. Miezi miwili baadaye wamepanda Mgeta kupiga picha za arusi, na filamu imekwama tangu mwanzo bila wao kujua. Arusi hairudiwi kwa ajili ya kamera.

Kamera hizo bado zipo. Nyingine zimelala kabatini mwa wastaafu, nyingine ziliachwa na wageni waliofanya kazi nchini, na nyingine huletwa na ndugu walio ng'ambo. Vijana nao wanazitafuta upya. Mwezi Desemba 2023 kampuni ya Kodak ilitoa kamera mpya ya aina hii, lakini bei yake ilikuwa dola 5,495 za Marekani. Kwa mfanyakazi wa kawaida, basi, kamera ya sinema ni ile iliyotumika, wala hapana nyingine. Ndiyo maana leo tuzungumze namna ya kuichagua.

Kwa nini mtu aitake?

Swali hili ni la haki, maana simu ya mkononi hupiga picha za kutembea mchana kutwa bila gharama ya filamu. Tuseme kweli: kwa mahitaji mengi ya nyumbani simu yatosha, na asiyekuwa na ziada asijitie katika deni kwa ajili ya kamera. Anayeitaka kamera ya filamu huitaka kwa sababu mbili. Kwanza, filamu iliyosafishwa ni kitu cha kushikika. Ukiiinua mbele ya dirisha utaona sura ya bibi yako kwa macho matupu, pasipo umeme wala nywila. Pili, uchache wa filamu humlazimisha mtu kufikiri kabla ya kubonyeza. Picha elfu tano zilizomo ndani ya simu hazitazamwi na mtu, bali dakika tatu zilizochaguliwa vizuri hutazamwa na ukoo mzima.

Kuchagua filamu nyembamba kwa ajili ya uhaba wa fedha si jambo geni katika nchi hii. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, ulifanyika mradi wa sinema za elimu ulioongozwa na Waingereza, na Meja Notcutt akiwa mmoja wa viongozi wake. Mradi ule haukutumia filamu pana ya milimita 35 ya majumba ya sinema, bali ile ya milimita 16, na sauti ilitolewa katika sahani za gramafoni. Picha zikachukuliwa kwa lori na kuonyeshwa vijijini katika Afrika Mashariki na kwingineko. Wenyeji walionekana katika picha hizo, lakini waliokata shauri nini kipigwe na nini kisipigwe walikuwa wengine.

Hapo ndipo ulipo uzito wa jambo letu. Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka mwaka 1994. Kabla ya hapo kamera za sinema zilikuwa mikononi mwa watu wachache: wageni, wamisionari, wafanyabiashara wenye uwezo, na idara za serikali. Kwa hiyo familia nyingi za wafanyakazi hazina hata sekunde moja ya picha inayotembea ya wazee wao wa miaka ile. Familia inayochagua kamera leo inachagua pia nani ataonekana kesho, tena kwa mkono wake yenyewe.

Ijue filamu kabla ya kuijua kamera

Kosa kubwa la wanunuzi ni kuanza na kamera. Anza na filamu, kwa maana kamera isiyopatiwa filamu ni pambo la mezani tu.

Filamu nyembamba ni za namna kadhaa. Ile ya milimita 16 ilianza mwaka 1923. Ni nzuri, lakini kamera zake nyingi ni nzito, na futi 100 za filamu hiyo huisha kwa dakika 2 na sekunde 45 hivi. Hiyo tuwaachie wenye kazi yao. Filamu ya milimita 8 ya zamani ilitolewa mwaka 1932. Hiyo huja katika kigurudumu cha futi 25, upana wake ukiwa milimita 16. Hupita ndani ya kamera mara mbili, upande mmoja kisha upande wa pili, na baada ya kusafishwa hupasuliwa katikati kwa urefu. Kamera zake nyingi huendeshwa kwa springi, ni imara sana, na huuzwa kwa bei ndogo. Bei hiyo isikudanganye, kwa sababu filamu yake imekuwa adimu, na kuigeuza katikati ya kazi huhitaji kivuli na mikono yenye utulivu.

Kwa familia, iliyo rahisi zaidi ni Super 8, iliyotolewa na Kodak mwaka 1965. Filamu yake imo ndani ya kasha la plastiki. Unafungua mlango, unalisukuma kasha ndani, unafunga, kazi imekwisha. Hata mtoto wa shule aweza kuitia. Kasha moja lina futi 50, yaani mita 15. Kwa mwendo wa picha 18 kwa sekunde hudumu dakika 3 na sekunde 20. Kwa mwendo wa picha 24 hudumu dakika 2 na nusu. Filamu hii ingali inatengenezwa, ya rangi na ya nyeusi na nyeupe.

Jihadhari na ndugu zake wanaofanana nayo. Mwaka huo huo wa 1965 kampuni ya Fuji ya Japani ilitoa Single-8. Picha yake ina ukubwa ule ule, lakini kasha lake halikubali kuingia katika kamera ya Super 8, wala la Super 8 haliingii katika kamera yake. Kadhalika, mwaka 1973 yalitoka makasha ya Super 8 yenye kunasa sauti, lakini Kodak iliacha kuyatengeneza mwaka 1997. Kwa hiyo muuzaji akikuambia, "Ongeza fedha, hii inanasa na sauti," mshukuru, lakini usiongeze. Kamera hiyo inaweza kupokea kasha lisilo na sauti, na sauti ya bibi utainasa kwa simu.

Majaribio saba ya mnunuzi

Nenda mchana. Chukua betri mpya, tochi ndogo, kitambaa safi na saa. Muuzaji mwaminifu hatachukia. Anayechukia amekwisha kukujibu.

Kwanza, fungua mahali pa betri. Ukiona unga mweupe au wa kijani, betri za zamani zilivuja humo. Unga kidogo juu ya vibati husafishika kwa siki au maji ya ndimu yaliyotiwa katika pamba, kisha ukapangusa na kukausha. Lakini kibati kikiwa kimeliwa na nyaya zimekatika, iache. Uliza pia kamera inatumia betri za namna ngapi. Nyingi huendeshwa na betri ndogo za AA, zile zinazopatikana kila duka kutoka Msamvu hadi Nyandira. Lakini baadhi yake, kama vile Nizo kadhaa za Ujerumani, huhitaji pia vibetri viwili vya duara kwa ajili ya kipimamwanga. Vibetri hivyo vilikuwa vya zebaki, na zebaki imepigwa marufuku katika betri. Vipo vya kushika nafasi yake, ila ni lazima uagize. Basi, penye kamera mbili zilizo sawa, chukua ile inayoridhika na AA peke yake.

Pili, bonyeza na usikilize. Mashine nzima hulia kwa sauti moja isiyopanda wala kushuka, mfano wa cherehani iliyotiwa mafuta. Usiridhike na sekunde tano. Tazama saa na uiache iende dakika tatu na nusu, yaani urefu wa kasha zima, maana mota iliyochoka huanza vizuri ikazimia njiani. Ikiwa ni ya springi, kama zile Quarz za Kisovyeti, ijaze ufunguo wote na uone kama mwendo unabaki sawa mpaka mwisho. Faida ya springi ni kwamba mota haihitaji betri. Hasara yake ni kwamba kila kipande cha picha kina kikomo kifupi.

Tatu, fungua mlango wa filamu na utazame ndani mashine ikienda. Kuna kidirisha kidogo ambacho filamu hupita nyuma yake. Ukiielekeza lenzi penye mwanga utaona kidirisha hicho kikimetameta. Ndiyo dalili kwamba pazia linafunguka na kufungika. Kando yake pana kijino kinachopanda na kushuka; hicho ndicho kinachovuta filamu. Kisha pana kitovu kinachozunguka ili kuikunja filamu iliyokwisha pigwa. Kiguse kwa ncha ya kidole: kinapaswa kuzunguka kwa nguvu kiasi, si kusimama mara moja. Kitovu kilichokufa ndicho kinachokwamisha filamu, tena bila kelele, wakati wewe unadhani unapiga picha. Ukipata kasha la zamani lililokwisha muda, litie, weka alama ya kalamu juu ya filamu inayoonekana, bonyeza sekunde kumi, ulitoe. Alama ikiwa imetoweka, kamera inakula filamu. Hili ni jaribio bora kuliko maneno yote ya muuzaji.

Nne, jaribu kipimamwanga. Chungulia ndani ya kamera, uielekeze dirishani, kisha kwenye kona yenye giza. Mshale au tarakimu zinapaswa kusogea. Zisiposogea, bei ishuke, nawe ujue utapima mwanga kwa njia nyingine, ikiwa kamera inakuruhusu kuupanga kwa mkono.

Tano, ichunguze lenzi. Mulika tochi upande mmoja na utazame kwa upande wa pili. Mji wa Morogoro una joto, na milima ina unyevu. Mambo hayo mawili hulea kuvu ndani ya vioo. Utaona nyuzi kama za utando wa buibui. Nyuzi chache ukingoni hazina madhara makubwa, lakini ukungu uliotanda katikati utaifanya kila picha iwe ya asubuhi ya mvua. Zungusha vyuma vya kuvuta karibu na vya kulenga umbali, viende laini. Usiseme lenzi ni mbovu kabla hujarekebisha kioo cha kuchungulia kilingane na jicho lako, maana wengi hukataa kamera nzima kwa sababu ya kasoro ya macho yao wenyewe.

Sita, uliza kamera inatambua filamu za nguvu gani. Kasha la Super 8 lina mapengo ubavuni yanayoiambia kamera filamu hiyo inahitaji mwanga kiasi gani. Kamera nyingi za bei nafuu zilifundishwa namba mbili tu, 40 na 160, kwa sababu ndizo zilizokuwa zikiuzwa siku hizo. Filamu za leo zina namba nyingine, kama 50, 200 na 500. Namba 200 ikisomwa kama 160 hapana hasara, maana filamu ya negativu huvumilia mwanga uliozidi kidogo. Lakini filamu ya rivasali, ile ambayo yenyewe ndiyo huonyeshwa katika projekta, haisamehe.

Saba, baada ya kununua, piga kasha moja la majaribio kabla ya siku yoyote yenye maana, ulisafishe, ulitazame. Anayeanza na arusi anacheza kamari.

Milima na mwanga wake

Kamera inayofaa Uluguru si lazima iwe ile inayosifiwa kwingineko. Upande wa mashariki, kuelekea Kinole na Matombo, milima hupokea upepo wa Bahari ya Hindi na mvua nyingi. Ukungu hushuka, misitu ni ya giza, na migomba huziba jua hata saa sita. Upande wa Mgeta, matuta ya mboga yamekaa wazi, na anga nyuma yake ni jeupe mno.

Hapo ndipo kamera inayojiendesha yenyewe hukosea. Simamisha bibi juu ya tuta, anga jeupe likiwa nyuma yake, nayo kamera itaona weupe tu. Itapunguza mwanga, na uso wa bibi utatoka mweusi tititi usio na macho. Dawa yake ni kamera yenye kitufe cha mwanga wa nyuma, au inayokuruhusu kupanga mwanga kwa mkono. Sogea karibu, pima mwanga usoni mwake, uzuie hapo, kisha urudi nyuma upige. Kati ya mapambo yote yanayochorwa katika matangazo ya kamera, hili ndilo la kulipia. Lenzi inayovuta mbali mara kumi haikusaidii neno kama uso wa mtu hauonekani.

Kwa picha za ndani ya nyumba na za jioni, tafuta kamera zenye herufi XL. Hizo zilitengenezwa ziingize mwanga mwingi zaidi, na zikitiwa filamu ya namba 500 zaweza kupiga picha hata mbele ya taa. Kwa uwanjani, asubuhi kabla ya saa nne na alasiri baada ya saa kumi ndizo saa njema. Jua la adhuhuri huweka kivuli machoni.

Hesabu ya nyumbani

Mali bila daftari huisha bila habari. Kamera huuma mara moja, filamu huuma kila siku. Ukijumlisha bei ya kasha, gharama ya kulisafisha na ya kulihamishia katika kompyuta, ni jambo la kawaida kufikia dola 80, kabla ya kulipa posta, maana kazi hiyo kwa kawaida hutumwa ng'ambo. Gawanya kwa sekunde 200 za kasha. Utaona kwamba kila sekunde hula kiasi cha shilingi elfu moja.

Kwa hiyo, mwenye fedha za kamera peke yake hajawa na fedha za kamera. Tenga kwanza bei ya makasha matatu na matengenezo yake, kisha kinachobaki ndicho cha kununulia chombo. Afadhali kamera ya kawaida yenye makasha matatu kuliko kamera ya fahari isiyo na kitu tumboni.

Makasha yatunze mahali pa baridi, katika friji, yakiwa bado yamefungwa. Siku ya kazi yatoe saa kadhaa kabla ya kuyafungua, ili yasitoke jasho. Anayesafiri kwa ndege nayo aombe yakaguliwe kwa mkono, kwa sababu mashine za mionzi huweza kuyaharibu. Kamera nayo ikae katika kopo lenye vile vifuko vidogo vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, ili kuvu isipate makao. Wala usiiache na betri ndani kama haitumiki.

Sekunde mia mbili zako

Kabla ya kupanda mlima, keti na wenzako mwandike orodha. Ukipiga vipande vya sekunde nane nane, kasha moja lina vipande 25. Ni vichache, ndiyo maana orodha inahitajika. Kwa Waluguru, ambao kwa desturi ukoo na ardhi hufuata upande wa mama, mjomba akionyesha kwa mkono mpaka wa shamba la ukoo ni picha yenye thamani kuliko keki ya arusi. Mikono ya bibi ikisuka mkeka, mama akishuka na mzigo wa ndizi, watoto wakivuka kijito cha maji yanayokwenda kuungana na Ruvu hadi mabombani Dar es Salaam: hayo ndiyo ya kupewa sekunde. Waombe wazee ruhusa kwanza, uwaeleze picha itatazamwa na nani. Kisha usisahau kuirudisha kwao waione, maana sura ni yao.

Na kama katika sanduku lile lile la kamera umekuta filamu za zamani zilizokunjwa, usizitupe, wala usizitie katika projekta iliyozeeka, itazikata. Zinuse. Harufu ya siki ni dalili kwamba filamu imeanza kuoza. Itenge na nyingine, iweke mahali pakavu pa baridi, uitafutie mapema wa kuihamishia katika kompyuta. Usiogope moto wa ghafula uliosifika katika sinema za kale, kwa kuwa filamu za milimita 8 na 16 zilitengenezwa kwa namna isiyolipuka. Huenda ndani yake mna sura ya mtu ambaye watoto wako hulitaja jina lake tu.

Rahisi inavunja upishi, walisema wahenga, lakini ghali nayo haikuhakikishii chakula kizuri. Kamera iliyo bora kwa nyumba yako ni ile inayoridhika na betri za duka la jirani, inayokuachia kupanga mwanga kwa mkono, na inayokula filamu mpaka mwisho bila kukwama. Ukiipata hiyo, usiiweke kabatini ukingoja sherehe kubwa. Wazee wa milimani hawangoji.